Kikombe cha Mfungaji Bora na Jina la Harith

Siku niliyoagwa kazini, vijana wa kiwanda chetu cha Rusayl mlinipa bamba la kioo lenye jina langu. Mashine iliandika "Salim" badala ya "Salum". Mkaona haya, mkataka kulirudisha, nikakataa. Nimelitundika sebuleni kwangu Mabela, na mgeni akiniuliza Salim ni nani, nnamwambia ni mwenzangu, tulistaafu siku moja. Sikulaumu mashine. Kioo kikiharibika kinachukuliwa chengine. Enzi yetu herufi moja ilikula asubuhi nzima, na ikiharibika haikuwa na dawa.

Mmeniomba niandike kazi hii ya kuchonga vikombe na nishani ilianzaje. Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwa na la kusimulia. Nitaandika miaka ya mwanzo, tokea 1964 nilipofika sijui hata kushika patasi, mpaka 1970. Ndani ya miaka hiyo kipo kikombe kimoja kilichonifunza kazi kuliko fundi yeyote, cha mfungaji bora wa magoli. Nyinyi mnavichonga vya namna hiyo kila msimu, mnavipanga kwenye maboksi, mnakwenda kula. Mimi nikiyaona maneno hayo mpaka leo huiweka kalamu chini kwanza, na wengi wenu mlidhani ni uzee.

Tulifika Omani na meli, mimi, mama na dada yangu, baada ya yale yaliyotokea Unguja. Baba tulikuwa tumeshamzika. Karatasi tulizokuja nazo zilikuwa za kuingia, si za kutoka, na hakuna aliyelitia maanani hilo. Mtu anayekimbia moto haulizi mlango wa nyuma uko wapi. Tulifikia kwa mjomba wangu, Matrah, kwenye chumba kilichokuwa ghala ya tende, na mpaka tunahama nguo zetu zilinuka tende. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha Kurani: sura ndefu nnazijua kwa moyo, lakini kununua kitunguu siwezi. Watoto wa mtaani walituita Wazinjibari. Kule Unguja tulikuwa tukiitwa Wamanga, watu wa Omani. Tulivuka bahari nzima kwenda kubadilishiwa jina tu.

Kwenye meli hiyo hiyo alikuwamo Harith, ambaye habari hizi ni zake kuliko zangu. Alikuwa amepindukia ishirini kidogo, mrefu, mwembamba, hana maneno mengi. Unguja alikuwa mshambuliaji wa mpira, na watu waliokuwa hawajui jina la waziri walikuwa wanalijua jina lake. Alikuja na mamake, Bi Zuwena, ambaye macho yalikuwa yashaanza kumzima. Hawakuwa na mtu mwengine duniani. Mjomba aliwapatia chumba karibu na chetu, ukuta kwa ukuta, na tukawa tunakula pamoja.

Mimi nilipelekwa kwa Fundi Suweid, sonara wa soko la Matrah. Ujana wake aliupitisha Pemba kwenye karafuu, kwa hivyo Kiswahili alikijua, ingawa alikisema kwa hasira kama mtu anayedai. Siku ya kwanza sikushika fedha. Alinipa bonge la lami na moto, akaniambia niiyeyushe, nimimine ndani ya kibuyu cha shaba, niache igande, kisha niitoe tena. Nilifanya hivyo kutwa. Jioni nikamuuliza nimetengeneza nini.

"Hujatengeneza kitu," alisema. "Umejifunza kujaza. Chombo kitupu ukikigonga kinabonyea. Ukitaka kukiandika, kijaze kwanza."

Hilo mnalijua wachache. Chombo cha fedha hujazwa lami ndipo kichongwe, la sivyo kila pigo la nyundo linaacha shimo. La pili alilonifunza ni kwamba kalamu ya chuma haisukumwi kwa mkono bali kwa bega, na kidole gumba cha mkono wa pili kinakaa mbele kuizuia. Hili kovu hapa kwenye gumba ndilo cheti changu. Na la tatu alikuwa akilisema kila siku mpaka nikawa namchukia: "Fedha haina kifutio."

Tulikuwa tunatengeneza ala za majambia, bangili, vyombo vya wanja. Fedha yenyewe tuliipata kwa kuyeyusha zile riali kubwa zenye sura ya malikia wa Kizungu. Nilimtia motoni bibi yule mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na hakuwahi kulalamika.

Harith alipata kazi kambini, nje ya Matrah, kampuni ya mafuta ilipokuwa inajenga matangi. Alikuwa msaidizi wa mchomeaji vyuma, Mhispania mmoja aliyeitwa Anselmo. Anselmo alikuwa mtu mfupi, mabega kama mlango, na nyusi zake zilishaungua zote kwa moto wa kazi. Alikulia Morocco, akaokota Kiarabu cha huko, na watu wa Matrah walimsikiliza kama wanaosikiliza redio iliyoingia maji. Kambini ndiko mpira ulikokuwa ukichezwa. Mjini wakubwa hawakuupenda, na mtu mzima kukimbia kaptura tupu ilikuwa fedheha. Lakini kambini kulikuwa na kiwanja cha changarawe kando ya mabomba, na timu za mafundi, madereva, wapishi na watu wa ghala.

Mwaka 1966 Anselmo alikuja dukani pamoja na Harith.

"Nataka kikombe," alisema.

"Cha kahawa?" aliuliza Fundi Suweid.

"Si cha kunywea. Cha kumpa mtu."

"Ili akinywee."

"Asikinywee. Akiweke."

Fundi Suweid alinigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyu mzima?"

Harith ndiye aliyefahamisha. Kwao Anselmo, Hispania, kila mwaka msimu ukimalizika gazeti la michezo humtuza mchezaji aliyefunga magoli mengi kuliko wote. Hata kipa aliyefungwa machache ana tuzo yake. Na ile ya mfungaji imepewa jina la utani la mshambuliaji wa zamani aliyekufa bado kijana. Anselmo alikuwa akipelekewa magazeti kutoka kwao, yanafika yamechelewa wiki nyingi, na wakati wa chai huwasomea mafundi nani anaongoza kwa magoli. Watu wasiojua Hispania iko upande gani wa dunia walikuwa wakigombana juu ya washambuliaji wake, huku mikate mkononi.

"Yule mwenye jina kafa zamani," alisema Anselmo. "Lakini kila mwaka yuko mtu mmoja mzima analibeba jina lake. Nataka na sisi tuwe nayo."

"Maskini ya Mungu," alisema Fundi Suweid. "Hata kufa hapumzishwi."

Lakini kazi aliipokea. Kwa kuwa hatukuwa na mfano, tulikitengeneza kama tulivyojua, na kikatoka kama mrashi, kile chombo cha kunyunyizia marashi, ulioota masikio. Kambini walikicheka mpaka wakachoka. Mtu mmoja alikuja na maji ya waridi akataka kuwamwagia wachezaji. Nilichonga neno la Kiarabu, haddaf, yaani mfungaji, na chini yake nikaacha nafasi ya jina. Jina lilipokuja likawa la Harith. Hakuna aliyeshangaa.

Nilikuwa nikenda kumtazama, nimekaa juu ya mabomba yaliyopangwa. Hakuwa mpiga mashuti makubwa. Wengine walikuwa wakiupiga mpira kama wanampiga mwizi. Yeye aliusubiri, akaufungulia njia, mpaka kipa akadhani umekwisha nguvu, kisha unamuona umeshapita. Akifunga hakuwa akishangilia. Alikuwa akirudi katikati ya uwanja anatazama chini, kama mtu aliyeangusha kitu. Nilimuuliza siku moja kwa nini hafurahi.

"Nafurahi," alisema. "Pale tu unapotoka mguuni. Ukishaingia, basi, umeshakwenda."

Baada ya kikombe kile cha kwanza Anselmo alimwambia neno ambalo natamani asingelimwambia, na sina haki ya kumlaumu, kwani alilisema kwa moyo mweupe. Shemeji yake alikuwa mwalimu wa timu ndogo katika mji wao, kaskazini ya Hispania. Angemwandikia. Akamwandikia, na jawabu likaja: mlete kijana, tumtazame.

Sijapata kumuona mtu akibadilika namna ile. Harith aliyekuwa hasemi akaanza kusema. Alikuwa akiniuliza kuhusu mvua, kwa sababu Anselmo alimwambia huko hunyesha mwaka mzima na uwanja ni majani na tope. Alikuwa akimwagia maji changarawe nyuma ya nyumba yetu, akipiga mpira hapo kwenye rojorojo, na mama yangu akimgombeza kwa maji yanayopotea bure. Alijifunza kuhesabu Kihispania, kuomba mkate, kusema "kulia" na "kushoto". Bi Zuwena alikuwa akimuuliza, "Na huko watu wanakula wali?" Akimwambia ndiyo, wanaupika na zafarani, basi bibi hupumua.

Palibaki ruhusa ya kusafiri. Siku hizi mnaipata kabla chai haijapoa. Wakati ule ilikuwa si jambo la karani. Ombi linapelekwa Maskati, kutoka Maskati linakwenda Salala, kwenye makao ya Sultani, huko lisomwe na wakubwa kabisa, na jawabu likija limekuja. Karani aliyelipokea alikuwa mtu mwema. Alimpa kiti.

"Sababu ya safari?" aliuliza.

"Mpira."

"Mwanangu, nikiandika mpira halitafika hata mlangoni. Niandike matibabu?"

"Mimi si mgonjwa."

"Basi niandike biashara."

Likaandikwa biashara. Tukangoja. Msimu wa Hispania ukaanza, ukaisha, gazeti la Anselmo likaja na jina la mfungaji wao wa mwaka huo, na Salala kimya. Mwaka 1967 mafuta yalianza kupakiwa melini, yakaondoka kwenda duniani kila mwezi, na Harith, aliyeshika vyuma vya matangi yale kwa mikono yake, aliyatazama yakenda. Alisema mara moja tu, "Mafuta nayo yanaombewa ruhusa?" Kisha hakusema tena. Mwaka ule alishinda kikombe cha pili. Kilikuwa kizuri zaidi, nilikuwa nimeshajifunza kukiondolea lile umbo la mrashi. Ombi likapelekwa mara ya pili.

Jawabu lilikuja 1968, baada ya kikombe cha tatu. Lilikuwa neno moja. Sitaliandika, mnalijua.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya shemeji yake Anselmo. Nafasi ipo, lakini mwaka huu ni wa mwisho, kijana anazidi kuwa mtu mzima. Na hapo pakatokea njia nyengine, maana njia hizo hazikukosekana. Wako watu wengi waliokuwa wakiondoka kwa siri, kwa malori ya kupitia Buraimi hadi Dubai, na huko mtu akatafuta karatasi. Dereva mmoja wa kambini alikuwa tayari kumchukua. Lakini aliyetoka bila ruhusa alikuwa harudi. Hilo kila mtu alilijua. Walikuwako Omani nzima wazee waliokuwa na watoto wao Kuwait na Bahrain, na walikuwa hawatarajii kuwaona tena hapa duniani.

Nilikuwapo Harith na mamake walipozungumza. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, adhuhuri, samaki amebaki mifupa. Bi Zuwena wakati huo alikuwa haoni kitu isipokuwa mwanga wa mlangoni.

"Nenda," alimwambia.

"Nikenda sirudi, mama."

"Najua. Ndo nakwambia nenda."

"Na weye nani atakushika mkono?"

"Salum yupo. Mamake yupo. Mie nshakuona vya kutosha, mwanangu."

Harith alicheka, kicheko kibaya. Akaniambia mimi, si yeye, "Unamsikia huyu, yakhe? Hanioni, anasema kaniona vya kutosha."

Dereva aliondoka Alkhamisi. Harith alikwenda kazini kama kawaida.

Kwa wale watakaotaka kujua nilimshauri nini: sikumshauri. Nilikuwa na mama na dada, na nilijua mie mwenyewe nisingelikwenda. Nikamwambia Fundi Suweid, nikitaka anambie nani aliye sawa, mama au mtoto. Alikuwa anapuliza mivukuto, hakunitazama. "Wote sawa," alisema. "Ndio maana hapana pa kutokea."

Baada ya hapo Harith alicheza bila ya pa kwenda. Wengi wanadhani mtu akikata tamaa hulegea. Yeye alizidi. Alifunga msimu ule kama anayeharakishwa kumaliza kazi ya mtu mwengine. Kabla msimu haujafika nusu alikuwa ameshawaacha wote mbali. Sikwenda tena kumtazama kwa raha. Alikuwa akifunga na kurudi katikati, na uso wake ulikuwa wa mtu anayebeba mawe.

Mapema mwaka 1969, kazini, bomba liliteleza kwenye magogo likamlalia mguu wa kulia. Halikuwa kosa la mtu. Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia siku ile, moja ya zile mvua zetu za nadra ambazo kila mtu huziombea dua, na magogo yalirowa. Anselmo ndiye aliyembeba. Daktari wa hospitali alipigana na mguu ule kwa kila alichokuwa nacho, lakini ulishaingia uozo, ukakatwa chini ya goti.

Nilipoingia kumuona alikuwa amelala ametazama dari. Nikakaa karibu na kitanda. Yeye ndiye aliyeanza.

"Salum. Magoli yangu ya msimu huu yanahesabiwa?"

Nikamwambia yanahesabiwa. Na yakahesabiwa. Msimu uliendelea bila yeye, madereva na wapishi wakafunga walivyoweza, na ulipomalizika hakuna hata mmoja aliyemfikia. Alikuja kuchukua kikombe cha nne kwa gongo, ile fimbo ya kuegemea kwapani. Watu walisimama, wakapiga makofi muda mrefu, wengine wanalia. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Umesikia makofi yale? Kama wanaofukuza ndege shambani." Kampuni ilimpa kazi ya kukaa mlangoni mwa ghala. Alikuwa akifungua na kufunga.

Mwanzo wa 1970 mkataba wa Anselmo ulikwisha. Kabla ya kuondoka alikuja dukani, na safari hii alikuja peke yake. Alitaka kikombe kimoja kikubwa, cha kudumu, kisichochukuliwa na mtu, kikae kambini. Tumboni kiandikwe jina la tuzo, na chini yake, kila mwaka, litiwe bamba dogo la mshindi. Tuzo iitwe kwa jina la Harith, kama ile ya kwao ilivyoitwa kwa jina la mshambuliaji wao. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa mekundu kwa moshi wa kazi. Kwake yeye hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa nacho cha kumpa mtu.

Fundi Suweid alisikiliza mpaka mwisho. "Mwenyewe kaulizwa?" alisema.

Hakuwa ameulizwa. Jioni ile nikamuuliza mimi. Harith alikuwa ameketi kizingitini kwao, gongo limeegemea ukuta.

"Yule wa kwao," alisema pole pole, "walimpa jina akiwa keshakufa. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mie mzima."

Nikamwambia basi, nitamrudishia Anselmo maneno yake, na hakuna ubaya. Nilikuwa nishainuka. Bi Zuwena, ambaye nilidhani kalala, akasema kutoka ndani, "Jina gani hilo? La nani?"

Tukamweleza. Kisha akasema, "Lichongwe. Nataka kulishika."

"Mama, hivyo hufanyiwa maiti."

"Mwanangu, mie wangu wote waliokufa hawana hata jiwe. Babako yuko wapi? Najua amelala wapi? Mwache Salum aandike jina moja mahali, nami nilitie kidole."

Harith alinitazama, akainua bega. "Chonga," alisema. "Kazi yako."

Nilikichonga kwa siku nyingi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilikijaza lami vizuri. Herufi zake nilizizamisha sana, kina kisichohitajiwa na mtu mwenye macho. Fundi Suweid alisimama nyuma yangu, akaona nnavyochimba, akafahamu, hakunikosoa. Ilikuwa mara ya kwanza kutonikosoa. Kilipokwisha nilikipeleka kwa Bi Zuwena kabla ya kukipeleka kambini. Alikipakata kama mtoto. Alijua herufi, alisoma chuoni Unguja, na kidole chake kilikwenda kutoka kulia, haa, alif, raa, thaa, kikasimama.

"Harith," alisema.

Kidole kikashuka. "Na hapa chini?"

"Mfungaji bora, Bi Zuwena."

"Mfungaji? Kafunga nini?"

Hata Harith alicheka. "Magoli, mama. Sifungi mizigo."

"Ah," alisema. "Nilidhani Ramadhani."

Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika nyumba ile. Bi Zuwena alifariki kabla joto halijafika ukomo wake, kwa homa isiyokuwa na jina. Tulimzika asubuhi. Harith alishuka kaburini mwenyewe, kwa mguu mmoja, akakataa kusaidiwa.

Wiki chache baadaye, Julai ile, utawala ulibadilika. Mliozaliwa baadaye mmehadithiwa furaha ya siku zile, na ni kweli ilikuwako. Milango ya mji haikufungwa tena baada ya magharibi. Watu walitembea usiku bila ya taa mkononi, iliyokuwa amri zamani, kwa sababu tu waliweza. Waliokuwa nje walianza kurudi, na pasi za kusafiria zikatolewa kwa kila aliyetaka. Harith aliniomba nimsindikize. Tulipanga mstari pamoja na mamia ya watu, wanacheka, wanataniana, kila mmoja anatangaza anakokwenda. Aliipata bila ya kuulizwa swali lolote la maana. Tulitoka nje akaifungua, akaitazama picha yake.

"Utakwenda?" nilimuuliza.

"Niende wapi na gongo?"

"Sasa umeichukulia nini?"

"Nilitaka kuona kinafananaje," alisema. "Nilidhani ni kitu kikubwa."

Akaitia mfukoni. Hakulia, hakutukana. Ningelipenda atukane. Tulirudi Matrah kwa miguu, pole pole, kwa ajili ya gongo, na njia nzima watu walikuwa wanampa hongera kwa pasi yake.

Mwisho wa mwaka ule, baridi ilipoingia, kambini walitoa tuzo ya mfungaji bora kwa mara ya kwanza kwenye kikombe kipya. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechonga bamba dogo la mshindi na ilibidi nilipigilie misumari. Nilimkuta Harith amesimama nyuma ya watu, akajongea akasimama na mimi. Kambi ilikuwa imejaa sura ngeni. Waliomuona akicheza wengi walikuwa wameondoka, na waliobaki walikuwa wamemzoea mlangoni mwa ghala, hawamuoni tena. Mshindi alikuwa kijana aliyerudi kutoka Kuwait miezi michache nyuma, mwepesi, mwenye adabu nzuri. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye jua, akalisoma jina lililokuwa tumboni kwa sauti. Akainamisha kichwa.

"Mungu amrehemu," alisema.

"Amin," waliitikia watu.

Na Harith, ubavuni mwangu, akaitikia pamoja nao, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemuombea mwengine.